Kamera Moja, Lenzi Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kupiga Picha kwa Mzigo Mdogo

Ukurasa huu ni wa wanaopiga picha kwa raha zao: anayezunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, Lamu au Mji wa Kale Mombasa, anayekatiza Kariakoo Jumamosi asubuhi, anayekwenda kijijini kuwaona wazee na kamera begani. Aliyelipwa kupiga harusi ana hesabu nyingine kabisa. Lenzi ikimfia kabla ya keki kukatwa, hawezi kumwambia bwana harusi arudi kesho.

Mzigo mdogo ni upi hasa?

Bodi moja (yaani kamera bila lenzi), lenzi moja, betri moja ya akiba, memori kadi moja ya akiba, kitambaa cha kufutia lenzi. Basi. Nikon D3500 yenye lenzi ya DX 35mm f/1.8 ina kama gramu 600 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi na mwanga huingia mwingi). Linganisha na Canon 5D Mark IV yenye 24-70mm f/2.8 na 70-200mm f/2.8: hizo tatu zinapita kilo 3 kabla hujahesabu begi, chaja na flashi.

Ila uzito si gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa ni kuchagua. Mwenye lenzi tatu akimwona muuza kahawa anapinda kona na birika lake, anaanza kujiuliza atumie ipi, anafungua zipu, anachomoa moja na kuchomeka nyingine, na muuza kahawa yuko mtaa wa pili. Mwenye moja anajiuliza swali moja tu: nisogee au nisisogee?

Nianze na lenzi ya milimita ngapi?

Anza na inayokupa mwono wa 35mm kwa kipimo cha fremu kamili, yaani sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo, kama zile ziitwazo APS-C na Micro Four Thirds, hukata kingo za picha, hivyo namba iliyoandikwa kwenye lenzi lazima uizidishe: mara 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm za APS-C, mara 1.6 kwa Canon za APS-C, mara 2 kwa Micro Four Thirds. Kwa hiyo ukiwa na Fujifilm tafuta 23mm, ukiwa na Canon ya APS-C tafuta 24mm, na kwa Micro Four Thirds 17mm.

Faida ya 35mm ni kwamba hesabu yake inakaa kichwani. Upana unaoingia kwenye picha unakaribia kuwa sawa na umbali uliosimama: mita 2 kutoka ukutani unapata mita 2 za ukuta, mita 4 unapata 4. Ukiwa na 28mm unapata kama mara 1.3 ya umbali. Ukiwa na 50mm, kama mara 0.7. Baada ya wiki chache unajua nini kitaingia kabla hujainua kamera, na hapo ndipo lenzi moja inapoanza kukulipa.

Sasa chukua mtu mzima aliyesimama, kamera ikiwa imelala, utake aingie wote kuanzia kichwa hadi viatu. Kwa 35mm unahitaji kama mita 2.5. Kwa 50mm, mita 3.5. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havina hata mita 3 za upana, kwa hiyo mwenye 50mm mgongo wake utagonga ukuta mapema. Anayependa sura za watu na maeneo ya wazi, ufukweni au shambani, atafurahia 50mm zaidi. Anayependa masoko na vyumba vidogo anaweza kushuka hadi 28mm, mradi akubali kusogea karibu kwelikweli. Kosa la kawaida la 28mm ni picha iliyojaa sakafu na anga, na mtu katikati kama nukta.

Dukani 50mm f/1.8 ndiyo ya bei nafuu. Niichukue?

Angalia kwanza bodi yako. Kwenye fremu kamili, chukua bila wasiwasi. Kwenye Canon ya APS-C inageuka kuwa kama 80mm, na kumpata mtu mzima wima picha ikiwa imelala unahitaji karibu mita 6. Inafaa sura na vitu vya mbali kidogo, si ya kutembea nayo mtaani peke yake. Wengi huinunua kwa bei, wakaishia kupiga vichwa tu miezi sita mizima, kisha wakadhani kasoro ni yao. Kwa bodi hiyo hiyo, EF-S 24mm f/2.8 STM ni bapa, ina gramu 125, na ndiyo inayokaa kwenye kamera bila kuonekana.

Nina 18-55mm iliyokuja na kamera. Lazima ninunue nyingine?

Hapana. Zungusha zumu hadi 23 au 24, kisha zungushia utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi kwenye pete ili isisogee. Hiyo ndiyo lenzi yako kwa mwezi mzima. Usitumie selotepu ya kawaida, inaacha utando wa gundi ambao joto la pwani huufanya unate na kukusanya vumbi. Unachokosa ni mwanga: hapo lenzi hiyo hufunguka hadi f/4 hivi, wakati ya f/2 inaingiza mara nne zaidi. Mchana haina neno.

Mwezi ukiisha, ukigundua kila siku ulitamani kurudi nyuma, wewe ni mtu wa 28mm. Ukigundua kila picha unaikata kingo, wewe ni mtu wa 50mm. Nunua baada ya hapo, si kabla.

Simu haitoshi?

Kwa wengi inatosha, na hakuna haja ya kuona haya. Kamera kuu ya simu nyingi ina mwono wa kati ya 23mm na 26mm, yaani pana kuliko 28mm. Inapokwama ni kwenye vitu vinavyokimbia mwanga ukiwa hafifu, na juani pale ambapo kioo hakisomeki. Pia hukushawishi kujibu ujumbe katikati ya matembezi, na hiyo si kasoro ndogo.

Ukishakuwa na kamera, simu inageuka kuwa lenzi ya pili ambayo ungeibeba hata hivyo. Msikiti mzima kutoka ng'ambo ya barabara nyembamba, dari la nyumba, kibao chenye maandishi unayotaka kukumbuka: tumia simu. Kamera ibaki na 35mm yake.

Vipi kamera zenye lenzi isiyotoka kabisa?

Ndizo zilizotengenezwa kwa kazi hii. Wazo ni la zamani: Leica ya kwanza kuuzwa, mwaka 1925, ilikuwa na 50mm moja isiyotoka kwenye bodi. Leo zinazotajwa sana ni mbili. Familia ya Fujifilm X100 ina 23mm f/2, yaani mwono wa 35mm. Ricoh GR III, iliyotoka 2019, ina mwono wa 28mm na uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi. Dada yake GR IIIx ana mwono wa 40mm. GR inaingia mfuko wa shati. X100 haiingii, inataka mkanda.

Kila moja ina udhaifu wake. Betri ya GR III imekadiriwa picha 200 tu kwa chaji moja, kwa hiyo hapo akiba si moja bali mbili. Mrija wa lenzi yake hutoka na kuingia kila unapoiwasha, na kwenye barabara za vumbi jekundu hunyonya chembe ndani hadi kwenye sensa, na huko hupati njia ya kuzifuta isipokuwa kwa fundi. Ukiwa njia ya vumbi, iweke kwenye kifuko kinachofunga kila usipoitumia. X100V haiingizi vumbi kirahisi, hasa ikifungwa adapta na filta mbele ya lenzi, lakini bei yake, hata ya mkononi, inahitaji moyo.

Kama bajeti ni ndogo, DSLR (kamera yenye kioo cha ndani) ya zamani yenye lenzi fupi inatoa picha ambazo hakuna atakayeuliza zimepigwa na nini. Ukinunua ya mkononi, fanya ukaguzi huu dukani:

Mulika tochi ya simu kupitia lenzi kutoka nyuma. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, achana nayo. Piga ukuta mweupe kwa f/16 ukiwa nje ya fokasi, kisha ikuze picha. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi la sensa, linasafishika, ila lipunguze bei. Piga picha kumi mfululizo usikilize kama shata inasita. Ikiwa ni Nikon, piga JPEG moja uisome kwa programu ya kusoma taarifa za picha. Idadi ya mibofyo ya shata imeandikwa humo. Kwa Canon nyingi haimo, kwa hiyo utaamini macho na sikio.

Niiseti vipi kabla sijatoka nyumbani?

Lengo ni mikono isiwe na kazi njiani. Weka hali ya A (Canon huandika Av), ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi: tundu la lenzi f/5.6 au f/8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ijipange yenyewe hadi 6400, na kasi ya chini kabisa ya shata 1/250. Hiyo 1/250 humgandisha mtu anayetembea. Ukipiga huku na wewe unatembea, panda hadi 1/500. Piga RAW (faili ghafi ya sensa) pamoja na JPEG.

Mchana wa jua kali hakuna haja ya kupima kila mara. ISO 200, f/8, 1/800 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kitu kilichopigwa na jua moja kwa moja, uwe Tanga au Bujumbura.

Kwa fokasi, wenye 23mm kwenye APS-C wanaweza kuiachia kabisa kazi ya kutafuta. Geuza fokasi iwe ya mkono (MF), weka mita 2.5, funga tundu hadi f/8: kila kitu kati ya mita 1.4 na 10 hivi kitaonekana wazi bila ukungu vya kutosha. Kamera haisiti tena, unabofya na picha imepigwa. Kinachoharibu mpango huu ni pete ya fokasi kuguswa ndani ya mfuko bila wewe kujua. Itazame kila unapoitoa.

Sibebi flashi. Jua la saa sita na sura nyeusi, nifanyeje?

Hapa ndipo picha nyingi zinapofia. Kamera inapopima, hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa au anga nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unageuka kivuli. Ongeza fidia ya mwanga (alama ya +/−) hadi +1. Kinyume chake, uso huo huo ukijaa fremu, kamera hudhani ni giza, inazidisha, na ngozi inatoka kijivujivu kama imepakwa unga. Punguza −1/3 hadi −2/3. Kanzu nyeupe juani ni mtego wa tatu: ikiungua, mikunjo yake hairudi hata kwa RAW. Angalia kanzu kwanza, uso utauinua baadaye kwenye kompyuta.

Lakini dawa nzuri kuliko fidia ni kuhama. Mwombe mtu akae barazani au asimame hatua moja ndani ya mlango, akitazama nje. Jua linapiga ukuta wa ng'ambo, ukuta unamrudishia mwanga laini usoni, na nyuma yake chumba ni giza. Hapo una rifleta ya mita tano kwa mita nane ambayo hukuibeba wala kuilipia. Pima usoni, sogea hadi uone nukta ya mwanga ndani ya macho yake, kisha ndiyo ubofye. Ukuta ukiwa umepakwa rangi ya kijani au buluu, ujue uso nao utachukua rangi hiyo. Tafuta mlango mwingine.

Ukitaka jua lenyewe liwe laini, amka. Kwetu hapa karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Nusu saa baada ya kuchomoza mambo yanaanza kubadilika, na saa moja baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 15 hivi. Anayesema atatoka saa mbili asubuhi baada ya chai amechelewa.

Na usiku, kwa mfano kwenye vyakula vya Forodhani, Unguja?

Fungua tundu lote. Kwa f/2, ISO 3200 na 1/125 utampata mpishi aliyemulikwa na taa ya meza yake. Kwa f/4 utaangukia 1/30, mikono yake itatoka ukungu. Subiri anapotulia kugeuza mishikaki, au kubali ukungu huo. Tripodi katikati ya umati wa Forodhani ni kero kwa kila mtu.

Wanyama je?

Hapa lenzi moja fupi inashindwa, tusidanganyane. Mbugani hushuki garini, na simba aliye umbali wa mita 40 kwa 35mm ni punje ya mtama. Chagua moja kati ya mawili: ukubali kupiga mandhari yenye mnyama ndani, au kwa safari hiyo ubadilishe lenzi moja kwa nyingine. EF-S 55-250mm IS STM ina gramu 375 na kwenye APS-C inafika mwono wa 400mm. Bado ni lenzi moja, imebadilika tu. Ndege wadogo wanataka zaidi ya hapo.

Betri na kadi ngapi?

Zima skrini isionyeshe picha baada ya kila mbofyo, zima Wi-Fi na Bluetooth, na betri moja ya DSLR itamaliza siku. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) hula zaidi, ila nyingi za karibuni huchajiwa kwa waya wa simu, kwa hiyo pawabanki uliyonayo inatosha. Betri za bandia zikianza kuvimba hunasa ndani ya chumba chake. Ukiona inaingia kwa nguvu, usiilazimishe.

RAW moja ya megapikseli 24 ina kama MB 25 hadi 30. Kadi ya GB 64 hubeba takriban 2,000. Afadhali mbili za GB 32 kuliko moja ya 64, maana ikifa moja hujapoteza yote. Kadi bandia ni nyingi: imeandikwa 64 lakini kumbukumbu halisi ni ndogo, na picha za mwisho hufunguka nusu kijivu. Ijaribu siku uliyoinunua kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Mac au Linux. Fomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Filta na tripodi?

Filta ya kinga ufukweni, ndiyo. Tripodi, hapana.

Unyevu, chumvi na vumbi vya pwani?

Fangasi huanza pale kamera inapolala kwenye begi la ngozi ndani ya kabati. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka silika jeli ya kubadilika rangi gramu 100 hadi 200, na kipima unyevu kidogo. Unyevu ukae chini ya asilimia 60, lakini usiushushe chini ya 35 kwa muda mrefu, mpira na grisi hukauka. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili. Mchele haufai: haunyonyi vya maana, na unga wake huingia kwenye vitufe.

Ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, lenzi hutokwa jasho papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30. Usiifute, na usifungue lenzi kuona kama ukungu umeingia, maana ndiyo unaukaribisha.

Mchanga: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha brashi, kisha kitambaa. Anayeanza na kitambaa anasugua kioo kwa msasa. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi yake. Chumvi ya bahari ifute jioni hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sawasawa.

Mvua ya masika ikinikuta njiani?

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kufunika kamera kwa mfuko wa dukani umepitwa. Kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye mpira ukingoni, hufunika bodi na lenzi fupi kwa sekunde mbili na haina uzito. Maji yakiingia ndani, toa betri na kadi, usiwashe kujaribu, iache wazi mbele ya feni siku nzima.

Nitabebaje bila kuibiwa?

Begi la kamera lenye jina la kampuni ni tangazo. Kikapu cha ukili au mkoba wa kawaida, kamera ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, haumwiti mtu. Mkanda upite begani kuelekea ubavu wa pili, kamera ikae upande wa ukutani, si upande wa barabara zinapopita pikipiki. Kwenye daladala na matatu iwe mapajani, dirisha lifungwe. Ziba jina la kamera kwa utepe mweusi wa gundi ukipenda. Wengine huona ni kujifanya, ila haigharimu kitu.

Kamera ndogo inaniruhusu kupiga watu bila kuomba?

Hapana. Inawatuliza tu, haiondoi adabu. Salimia kwanza, salamu ikamilike, nunua kitu kama ni genge, kisha: "Shikamoo mama. Naomba nikupige picha moja hapa ulipokaa, kama hutajali." Akikataa, shukuru upite. Wanawake wa Lamu na Unguja wengi hawataki, na hilo liheshimiwe hata kama uko mbali. Muonyeshe picha baada ya kupiga, na ukiahidi kumtumia, mtumie. Kambi za jeshi, polisi, ikulu, bandari na viwanja vya ndege, usiinue kamera kabisa. Udogo wake utaongeza mashaka, hautayapunguza.

Nikikosa picha kwa sababu ya lenzi?

Utakosa. Kata kingo unapoweza: picha ya megapikseli 24 iliyopigwa kwa 35mm ukiikata iwe na mwono wa 50mm inabaki na takriban megapikseli 12, inatosha kuchapa A4 kwa ubora kamili. Ukiikata hadi 70mm inabaki 6, ya kutosha kwenye simu ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo, iache ipite.

Lenzi nyingine nilizonazo niziuze?

Si leo. Ziweke kwenye lile kontena la silika miezi sita. Halafu fungua programu yako ya picha, chuja kwa lenzi, uone ipi uliitoa na kwa picha zipi ulizozihifadhi. Isiyoguswa iuze wakati kioo chake bado ni safi, maana lenzi yenye fangasi haina mnunuzi, na kwa hewa ya pwani miezi sita nje ya kontena inatosha kuianzishia.